Tiba na mwili wa binadamu katika filamu na televisheni

Mada hii inahusu namna ugonjwa, jeraha, uzazi, matibabu na kifo vinavyoigizwa kwenye skrini, na umbali uliopo kati ya maigizo hayo na yale yanayotokea wodini. Afrika Mashariki imezijua filamu za tiba za aina mbili: zilizotengenezwa makusudi ili zifundishe afya, ambazo Tanganyika ilizipata katika miaka ya 1930, na zile za kuburudisha kutoka Marekani, India, Nigeria na Dar es Salaam, ambazo hazikutumwa kufundisha lakini zimefundisha wengi.

Makala inapimia mambo haya Peramiho, magharibi ya mji wa Songea, mkoani Ruvuma. Wamisionari Wabenedikto walifungua misheni hapo mwaka 1898, ikachomwa moto katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa upya, na kwa miongo mingi Hospitali ya Mtakatifu Yosefu imekuwa ndiyo inayowavuta watu kutoka vijiji vya Songea, Mbinga na kwingineko. Mkazi wa Peramiho anaweza kumtazama daktari wa runingani usiku, na asubuhi akapanga foleni mapokezi akiwa na kadi mkononi. Hata neno "sista" lina uzito wake hapa. Katika filamu za Bongo, sista ni msichana wa gauni jeupe anayetokea mlangoni kutangaza kwamba mgonjwa amefariki. Peramiho, aliyekuchoma sindano huenda ni sista mara mbili: muuguzi, na mtawa wa shirika la Tutzing au la Chipole ambaye alfajiri alikuwa kanisani.

Mbu mkubwa kama mbuzi

Filamu za afya zilianza kutengenezwa kwa mpango maalumu Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe, kati ya mwaka 1935 na 1937. Mradi huo ulianzishwa na J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, na ukaendeshwa na Leslie Notcutt na G. C. Latham. Walitengeneza filamu 35, baadhi zikihusu kodi, kahawa na benki ya posta, nyingine zikihusu malaria ya watoto wachanga na safura. Lori lilibeba mashine ya kuonyeshea na jenereta, likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia Kaskazini, na sauti ilitoka kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo.

Maofisa wa ukoloni walikuwa na kisa walichopenda kukisimulia, na kilisimuliwa kuhusu vijiji vingi mno kiasi kwamba ni vigumu kuamini kilitokea kila mahali. Watu walionyeshwa mbu aliyekuzwa akajaa kitambaa chote cheupe. Filamu ilipokwisha, mzee mmoja akasema: kweli hao wenzetu wana shida, sisi mbu wetu ni wadogo. Kisa kilitolewa kama ushahidi wa ujinga wa mtazamaji. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, mzee alikuwa amesoma picha sawasawa. Aliona mdudu wa ukubwa ambao haupo duniani, na hakuna aliyemweleza kwamba kioo kimemkuza. Safura nayo huleta taabu ileile: mnyoo wake una urefu wa sentimita moja hivi, na kiluwiluwi anayepenya ngozi ya mguu usio na kiatu haonekani kwa macho. Filamu isipomkuza haina cha kuonyesha, na ikimkuza imeshasema jambo lisilo kweli.

Saa zinazopotea

Filamu za burudani hukosea mengi, lakini makosa yake makubwa karibu yote yana mzizi mmoja, nao ni muda. Vifaa vinaweza kuwa sahihi kabisa, daktari akavaa koti linalomkaa, na bado ugonjwa ukaenda kasi ambayo mwili hauijui.

Tuanze na moyo. Mwaka 1996 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti wa Diem, Lantos na Tulsky, ambao walitazama vipindi vya televisheni vya Marekani, tamthilia ya ER ikiwemo, na kuhesabu matukio 60 ya watu waliokandamizwa kifua baada ya moyo kusimama. Robo tatu walizinduka papo hapo, na asilimia 67 walionekana kufika hadi kuruhusiwa kwenda nyumbani. Katika hospitali halisi, wanaonusurika ni wachache mno wakilinganishwa na hao, hasa wazee na wenye maradhi sugu. Tena ile mashine ya kushtua moyo, ambayo kwenye filamu hutumika pale mstari unaponyooka na mlio ukawa mmoja mrefu, haifanyi kazi hiyo. Umeme wake hukatiza mtetemo wa vurugu ili moyo urudie mwendo wake wenyewe. Moyo ambao umeme wake umekwisha kimya hauna cha kukatizwa. Hapo ni kukandamiza kifua, kutoa adrenalini na kutafuta sababu.

Kuna pia kuzimia. Daktari wa mishipa ya fahamu Eelco Wijdicks alipitia filamu 30 za kati ya mwaka 1970 na 2004 zenye mgonjwa asiyejitambua kwa muda mrefu, akakuta 2 tu zilizoonyesha hali hiyo inavyostahili. Wagonjwa wa filamu hulala kama waliosinzia: ngozi inang'aa, misuli ipo palepale, hakuna mrija wa chakula wala kidonda cha mgongo, na siku wakiamka huuliza jambo la maana. Filamu za Bongo zimerithi usingizi huo zikauongezea vipodozi. Mgonjwa amelazwa siku ya kumi, kope za bandia hazijalegea, dripu inaning'inia juu ya msumari, na ukiangalia vizuri mkono utaona mrija umeishia chini ya plasta tu, haukuingia kwenye kanula yoyote. Tone halidondoki. Mzazi aliyewahi kuuguza mtoto hulitambua hilo upesi kuliko mhakiki wa filamu, kwa sababu amekesha akihesabu matone.

Pigo la kichwa ndilo lenye madhara zaidi. Skrini imewazoesha watu kwamba mtu akipigwa kichwani huzimia nusu saa, akaamka akijishika kisogo na hadithi ikaendelea. Tarehe 7 Aprili 2012 Steven Kanumba, nyota aliyeipa Bongo Movie sura yake, alifariki dunia akiwa na miaka 28 baada ya kuanguka chumbani kwake Sinza, Dar es Salaam. Sababu iliyotajwa na uchunguzi wa kitabibu ni mtikisiko wa ubongo. Mtu aliyepoteza fahamu kwa pigo, hata akizinduka na kuomba maji, ni wa kupelekwa hospitali akaangaliwe, kwa kuwa damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu kwa saa kadhaa.

Mambo mengine yatajwe kwa ufupi. Mtoto wa mimba ya kwanza kwenye filamu huzaliwa dakika tatu baada ya mama kushika kiuno, na mtoto anayetoka leba ana miezi mitatu. Mwilini uchungu wa mimba ya kwanza huchukua saa 12 na zaidi bila ya kuwa na kasoro. Kitambaa chenye klorofomu hakimlazi mtu kwa sekunde, kinahitaji dakika kadhaa. Risasi ikitolewa haimponyi mtu, kwa kuwa kinachoua ni njia iliyopitia. Aliyeumwa na nyoka hanyonywi sumu kama wafanyavyo wapanda farasi wa filamu za Kimarekani, na lile jiwe jeusi la nyoka lililosambaa kupitia misheni nyingi za Afrika halina rekodi bora kuliko mdomo. Kinachofaa ni kumtuliza, kiungo kisitikisike, na kumfikisha penye dawa ya sumu.

Muda huohuo ndio uliopotea katika tamthilia ya Marekani iliyochukua jina la Kiswahili, Daktari, iliyorushwa kuanzia mwaka 1966 hadi 1969. Ilimhusu daktari wa wanyama wa Afrika Mashariki na simba mwenye makengeza aitwaye Clarence, na ilipigwa picha California. Wazo lake lilitokana na kazi ya Toni Harthoorn, mtaalamu aliyeishi Kenya na kuendeleza bunduki za sindano ya usingizi. Mnyama wa televisheni huchomwa akaanguka hapohapo. Wa porini huendelea kukimbia kwa dakika nyingi, na kazi yote ya mtaalamu ni kutompoteza.

Kifafa

Jambo hili linastahili kichwa chake, kwa kuwa kusini mwa Tanzania linaunguza watu kwa maana halisi ya neno. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, walitoa hesabu ya vipindi vya tamthilia za Grey's Anatomy, House, Private Practice na ER: degedege 59, na karibu nusu ya huduma zilizotolewa zilikuwa za makosa, kama kumbana mgonjwa chini au kumtia kitu mdomoni. Hao ni madaktari wa kuigiza wenye washauri wa kulipwa. Filamu zetu huongeza povu, kisha huwarudisha nyuma watu wote waliopo, maana wengi wameambiwa kwamba povu huambukiza. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, kaskazini ya Ruvuma, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto: walikuwa wameangukia mafiga na hakuna aliyethubutu kuwashika. Povu haliambukizi. Mlaze ubavu, ondoa vinavyoweza kumuumiza, tazama saa, usimwekee kijiko. Na katika nchi ya wafugaji nguruwe kama Ruvuma, chanzo kimojawapo cha kifafa ni viluwiluwi wa tegu la nguruwe wanaofikia ubongo baada ya mtu kumeza mayai yake, habari ambayo kitimoto cha kwenye filamu hakijawahi kuigusa.

Kukohoa kwenye leso

Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, UKIMWI ulikuwa umeshakuwa na alama zake za kuigiza: kukonda, kanga mabegani, kukohoa kwenye leso na leso kufunuliwa ikiwa na damu. Wakati huo alama hizo hazikuwa mbali na ukweli. Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa kwa mpango wa taifa kuanzia mwaka 2004, wodi zilibadilika, leso haikubadilika. Mwenye virusi aliyezoea dawa zake hafanani na yeyote aliyeigizwa, na pengine ndiye jirani anayekubebea mahindi.

Aliyeonyesha ugonjwa huu kwa mwendo wake hakuwa na picha. Twende na Wakati, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza mwaka 1993, ulimfuata dereva wa lori Mkwaju na mkewe Tunu mara mbili kwa wiki, mwaka baada ya mwaka. Mkwaju alitembea na wanawake wa vituo vya njiani na madhara yakamfikia polepole, kama yanavyomfikia mtu. Mkoa wa Dodoma haukurushiwa mchezo huo hadi mwaka 1995, ili watafiti walinganishe waliousikia na wasiousikia. Baadaye zikaja filamu ya Chumo (2011), kuhusu malaria kwa mjamzito, na tamthilia ya Siri ya Mtungi, iliyoanza mwaka 2012, inayomfuata mpiga picha Cheche wa Bagamoyo. Zote zilifadhiliwa ili zifundishe, na zimefaulu kwa kuwa hazikuwa na haraka.

Hospitali za misheni

The Nun's Story, filamu ya mwaka 1959 ya Fred Zinnemann, ilipigwa picha kwa sehemu Stanleyville, ambayo sasa ni Kisangani, na inamhusu mtawa muuguzi katika hospitali ya Kongo. Ndiyo iliyo karibu zaidi na Peramiho kwa sura. Muuguzi anapata kifua kikuu, na kupona kwake kunataka kulala na kusubiri.

Outbreak ya mwaka 1995 iko upande wa pili. Virusi kutoka Zaire vinafika Marekani, kima anakamatwa, dawa inatengenezwa, watu wanapona, yote kwa siku chache. Ebola yenyewe ilijulikana mwaka 1976 Yambuku, Zaire hiyohiyo, katika hospitali ya misheni ya masista wa Kibelgiji: wagonjwa 318, vifo 280. Kila asubuhi muuguzi alipewa mabomba matano ya sindano kwa ajili ya wagonjwa wote wa siku, na hayakuchemshwa kati ya mgonjwa mmoja na mwingine. Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2019, miaka 43 baadaye.

Mganga

Arusi ya Mariamu ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill (1985) na Maangamizi ya Martin Mhando na Mulvihill (2001) haziwezi kupimwa kwa kipimo cha dripu. Katika ya kwanza mke mgonjwa anapelekwa kwa mganga baada ya hospitali kushindwa. Katika ya pili daktari kutoka Marekani anamkuta Samehe, mwanamke wa hospitali ya akili aliyekaa kimya miaka mingi, anayeigizwa na Amandina Lihamba. Filamu nyingi za Bongo zimechukua kisa hicho zikakifupisha: hospitali haioni kitu, nabii anaweka mkono, mgonjwa anainuka. Kosa hapo haliko kwenye kuonyesha imani, kwa kuwa foleni ya Peramiho nayo ina waliopitia kwanza kwa mganga. Kosa liko kwenye kuinuka.

Karibu filamu zote hizi, za mwanzo na za sasa, zimemwacha nje mtu mmoja: ndugu wa mgonjwa. Ndiye aliyekodi bodaboda usiku, aliyetafuta mtu wa kuchangia damu, anayefua mashuka na kulala kwenye kitenge barazani, na ambaye kengele ya kutazama wagonjwa ikilia anaingia na chupa ya uji, anamwinua mgonjwa kidogo, anaupoza kwa kijiko.