Kifua Baada ya Kisu: Historia ya Titi la Bandia Nchini Marekani

Historia ya upasuaji wa saratani ya matiti kwa kawaida husimuliwa kwa kufuata majina ya madaktari, ilhali historia ya kifua kinachobaki baada ya upasuaji huo, yaani namna mwanamke anavyokivika, anavyokificha au anavyoamua kukiacha kionekane, imetengenezwa kwa sehemu kubwa na wagonjwa wenyewe, na mara nyingi bila idhini ya waliowapasua. Nchini Marekani, ambako mabishano juu ya jambo hili yalifanyika hadharani na kuacha maandishi mengi, safari hiyo inaweza kufuatwa hatua kwa hatua.

Mwaka 1894 William Halsted, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, alichapisha matokeo ya wagonjwa 50 aliowaondolea kwa mkupuo mmoja titi lote, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za limfu za kwapani, yaani vinundu vidogo vinavyochuja majimaji ya mwili. Upasuaji huo ulipewa jina la Kiingereza radical, lenye asili ya neno la Kilatini radix, maana yake mzizi, kwa kuwa nia ilikuwa kuung'oa ugonjwa pamoja na kila kilichodhaniwa kuwa mzizi wake. Uliwatawala madaktari wa Marekani kwa takriban miaka 80, na ni lazima ieleweke uliacha nini: ngozi iliyokaa juu ya mbavu pasipo nyama kati yake, shimo chini ya mtulinga, kovu refu lililofika karibu na kwapa, na mkono ambao mara nyingi ulivimba kwa sababu majimaji yalikosa njia ya kupita. Juu ya hayo, mgonjwa alilazwa kwa nusukaputi ili uvimbe wake upimwe akiwa mezani, na ukionekana kuwa saratani titi liliondolewa papo hapo, hivyo alipoamka ndipo alipopapasa bandeji kujua kama bado analo.

Hospitali ilihesabu kazi yake kuwa imekwisha pale jeraha lilipofunga. Mavazi ya miaka ya 1950, pamoja na sidiria zake zilizochongoka na sweta za kubana, hayakumwachia mwanamke nafasi ya kuficha upande uliopungua, na kwa hiyo wengi walijishonea vifuko vya pamba au walijaza soksi ndani ya sidiria. Kasoro ya vitu hivyo ilikuwa wepesi wake: mwanamke alipoinua mkono kuchukua kitu kabatini, kifuko kilipanda kuelekea shingoni, na kukizuia kulihitaji pini, tena bega la upande usio na uzito, likishindana na upande wenye titi, lilivutwa likakaa vibaya.

Aliyeuvunja ukimya wa hospitali juu ya mambo hayo kwa utaratibu ni Terese Lasser wa New York, mke wa J. K. Lasser, yule mwandishi wa vitabu vya kodi ya mapato vilivyojulikana sana nchini humo. Baada ya kufanyiwa upasuaji wa aina ya Halsted mwaka 1952, bila kuelezwa namna ya kuurudisha mkono katika kazi wala cha kuvaa, alianza kuwatembelea wagonjwa wengine hospitalini, mara nyingine pasipo ruhusa ya madaktari, ambao baadhi yao walimwona kuwa msumbufu. Shirika lililotokana na ziara hizo, Reach to Recovery, liliwaletea wagonjwa mfuko wenye titi la muda, kijitabu, mpira mdogo na kamba. Mpira ulikuwa wa kufinywa kwa kiganja ili damu na majimaji yatembee. Kamba ilipitishwa juu ya mlango, kila mkono ukashika ncha moja, na mkono mzima ukawa unauvuta ule mgonjwa kwenda juu, leo kidogo na kesho zaidi, hadi mwanamke aweze tena kuchana nywele zake na kufunga sidiria mgongoni. Mwaka 1969 Chama cha Saratani cha Marekani kiliuchukua mpango huo.

Mgeni aliyekuja na mfuko huo alikuwa mwenyewe amepasuliwa, naye alitakiwa kuvaa kiasi kwamba mgonjwa asiweze kutambua ni titi lipi halipo. Hapo ndipo ilipo nguvu ya mpango huo na udhaifu wake pia, kwa maana faraja yake ilisimama juu ya ahadi kwamba hakuna atakayejua.

Ahadi hiyo ilipata kiwanda chake kupitia Ruth Handler, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Mattel na mbunifu wa mwanasesere Barbie wa mwaka 1959. Baada ya kuondolewa titi mwaka 1970 na kutoridhika na vitu alivyovikuta madukani, alishirikiana na fundi wa viungo bandia, Peyton Massey, na mwaka 1976 wakaanza kuuza titi la silikoni lililoitwa Nearly Me. Silikoni ni dutu laini itengenezwayo viwandani, yenye uzito unaokaribia ule wa nyama, na kwa hiyo pini hazikuhitajika tena. La kushangaza zaidi ni kwamba matiti hayo yalitengenezwa la kulia mbali na la kushoto mbali, kwa vipimo vya sidiria, jambo ambalo fundi viatu yeyote angeliona la lazima tangu siku ya kwanza. Miongoni mwa wateja wake alikuwa Betty Ford, mke wa Rais wa wakati huo, ambaye upasuaji wake wa Septemba 1974 ulitangazwa waziwazi na kulitoa neno saratani ya titi katika minong'ono.

Pingamizi kali zaidi lilitoka kwa mshairi Mmarekani Mweusi, Audre Lorde, aliyeondolewa titi mwaka 1978. Katika The Cancer Journals, kitabu cha mwaka 1980, alieleza alivyoletewa na mgeni wa Reach to Recovery kifuko cha sufu chenye rangi ya waridi hafifu, rangi ambayo ni wazi haikukusudiwa ngozi kama yake, na jinsi muuguzi alivyomwambia kwamba kuja kliniki bila titi la bandia kungeshusha ari ya watu wa pale. Lorde alimtaja Moshe Dayan, waziri wa Israeli aliyefunika jicho lake kwa kitambaa cheusi, na akasema kwamba hakuna aliyemtaka Dayan aweke jicho la kioo. Hoja hiyo haijajibiwa vizuri mpaka leo, ingawa si haki kumpima Lasser kwa kipimo hicho peke yake, maana kamba ile juu ya mlango iliirudisha mikono mingi ambayo wenye taaluma walikuwa wameisahau.

Wakati huohuo upasuaji wenyewe ulikuwa ukipungua ukubwa. Mwandishi wa habari Rose Kushner, naye mgonjwa, alipigania mgonjwa aamshwe baada ya kipimo ili ashiriki uamuzi, na mwaka 1979 mkutano wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ulikubaliana na msimamo huo. Majaribio yaliyoongozwa na Bernard Fisher nayo yalionyesha kwamba kuondoa misuli hakukuongeza uhai. Sheria ya mwaka 1998 ilizibana bima zinazolipia kuondolewa kwa titi zilipie pia kulijenga upya, kulisawazisha la pili na kununua la bandia.

Wasiotaka lolote kati ya hayo walichelewa kupewa jina. Mwandishi Deena Metzger alikuwa amechorwa tawi la mti juu ya kovu lake na kupigwa picha mikono ikiwa imetandazwa, na mwaka 1993 kovu la msanii Matuschka lilitokea kwenye jalada la jarida la The New York Times; lakini ni mwaka 2020 tu ambapo kamusi ya Taasisi ya Taifa ya Saratani iliingiza neno rasmi la kufunga kifua kikiwa bapa na nadhifu, baada ya wanawake kulalamika kwamba walikuwa wameomba hivyo na wakaamka na mikunjo ya ngozi iliyoachwa kwa makusudi, endapo wangebadili mawazo.