Fidia ya Asilimia 100 kwa Wanajeshi Wastaafu wa Marekani Wasiomudu Kazi

Mwanajeshi mstaafu wa Marekani ambaye majeraha au maradhi aliyoyapata utumishini yanamzuia kudumu katika kazi ya kumkimu anaweza kulipwa fidia ya asilimia 100, hata kama ulemavu wake umepimwa chini ya kiwango hicho. Haki hiyo haitegemei mahali alipozaliwa mhusika. Hivyo inawahusu pia wenye asili ya Afrika Mashariki waliolitumikia jeshi hilo.

Vigezo

Mwombaji anapaswa kuwa na ulemavu mmoja uliopimwa asilimia 60 au zaidi. Mwenye ulemavu zaidi ya mmoja anatakiwa kuwa na mmoja uliofikia asilimia 40, na kiwango cha pamoja cha asilimia 70.

Kiwango cha pamoja hakipatikani kwa kujumlisha tu. Kwa mfano, mwenye asilimia 40 na 30 hafikii 70. Hiyo 30 hukokotolewa katika 60 iliyosalia, ambayo ni 18. Jumla huwa 58, nayo hukadiriwa kuwa 60. Hata hivyo, ulemavu wote ukiwa umetokana na ajali moja, huhesabiwa kuwa mmoja, na asilimia 60 hutosha. Shauri la asiyefikia vigezo hivyo, lakini hawezi kufanya kazi, linaweza kupelekwa kwa mkurugenzi wa fidia kwa uamuzi maalumu.

Ushahidi

Kufikia kiwango pekee hakutoshi. Ni lazima ithibitike kwamba ulemavu wa utumishini ndio unaomzuia mhusika kufanya kazi. Umri na maradhi yasiyotokana na utumishi hayazingatiwi. Kwa kawaida, kibarua chenye kipato kisichozidi kiwango cha umaskini cha mtu mmoja hakimnyimi mtu haki hiyo.

Mwombaji hujaza Fomu 21-8940 kuhusu elimu na ajira zake, na waajiri wake wa mwisho hujaza Fomu 21-4192. Inafaa daktari aeleze shughuli ambazo mgonjwa hazimudu, kama vile kusimama kwa muda mrefu au kuinua mizigo, badala ya kutaja jina la ugonjwa pekee.

Ombi likikataliwa

Mhusika ana mwaka 1 tangu tarehe ya barua ya uamuzi kuwasilisha ushahidi mpya, kuomba mapitio ya ofisa wa ngazi ya juu, au kukata rufaa kwenye Bodi ya Rufaa. Baada ya hapo ushahidi mpya bado hupokelewa, lakini anaweza kupoteza malipo ya kipindi kilichopita.