Jicho Lilivyokuja Kulisaidia Sikio

Jumamosi moja jioni, katika ukumbi wa arusi hapa Cedar Hill, kusini-magharibi ya Dallas, ambako minara ya televisheni humlaki msafiri kabla hajauona mji wenyewe, nilimtazama kijana wa Kikongo akitengeneza nyuzi za gita lake katikati ya makelele ya watoto na viti vinavyoburutwa, wala hakuinamisha kichwa kusikiliza. Alibana kidude cheusi, kama kiberiti kwa ukubwa, kwenye kichwa cha gita, akaugusa uzi wa tano. Alama nyekundu ikasimama kushoto, akakaza kigingi kidogo, alama ikaja katikati ikageuka kijani, naye akahamia uzi mwingine. Mzee wa Unguja niliyeketi naye meza moja, ambaye ujanani alikuwa mpiga udi, akaninong'oneza, "Huyu bwana anatengeneza gita kwa macho!"

Alisema kweli, ila jambo hilo si la jana. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Jules Antoine Lissajous, mtaalamu wa elimu ya maumbile, alibandika vioo vidogo kwenye meno ya uma mbili za chuma za kupimia sauti, moja ikitikisika juu na chini, ya pili kushoto na kulia, kisha akaupitisha mwali wa taa kutoka kioo hadi kioo mpaka ukutani. Sauti mbili zikiwa sawasawa, nuru ilichora umbo mfano wa yai, likatulia tuli. Zikihitilafiana, umbo likaanza kujipindua polepole, na kila lilipomaliza mzunguko mmoja, hitilafu ilikuwa mtikisiko mmoja kamili. Hata kiziwi, basi, angeweza kuamua. Haikuwa ajabu kwamba mtu huyo alitiwa katika baraza ambalo, mwaka 1859, liliipatia Ufaransa kipimo rasmi cha sauti ya La, mitikisiko 435 kwa sekunde. Kipimo cha 440, tunachokifuata leo, kilikubaliwa katika mkutano wa London wa mwaka 1939.

Hapa Marekani chombo kilichostahiki sifa kilitoka kiwanda cha Conn, mjini Elkhart, Indiana, mwaka 1936, nacho ni Stroboconn: masanduku mawili mazito, na usoni mwake madirisha 12 yaliyopangwa mfano wa vidole vya piano, kila dirisha likiwa na kisahani chenye mistari kinachozunguka kwa kasi yake. Mpiga tarumbeta akipuliza mbele ya maikrofoni, taa humetameta kwa kadiri ya sauti yake, na mistari ya dirisha lililohusika huonekana imesimama. Sauti ikipanda, mistari husogea kulia, ikishuka, kushoto. Chombo kile kilihitaji meza yake chenyewe. Mwaka 1975 Wajapani wa Korg wakatoa kipimio chenye mshale, cha kushikika mkononi, na baadaye kikaja hiki cha kubana, ambacho husikia mtikisiko wa mbao zenyewe, ndiyo sababu makelele ya arusi hayakikeri.

Hata hivyo mzee wangu hakuridhika, nami naona alikuwa na hoja. Unguja, ambako Ikhwani Safaa wamekuwa wakipiga taarabu tangu 1905, kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, aghalabu tatu tatu kwa kila sauti, na tatu hizo zikikosana hata chembe, sikio hulalamika mara moja. Tena Rasti, mojawapo ya makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ina sauti ya tatu inayokaa baina ya sauti mbili jirani za piano, na kipimio kilichofundishwa sauti 12 tu huihesabu sauti hiyo kuwa kosa, kikawasha nyekundu, ilhali mpigaji yupo palepale alipopataka. Kosa si la nuru, ni la orodha iliyotiwa ndani ya kidude.

Kwa hiyo, msomaji mwenye udi au kanuni huku ughaibuni, kiazime kidude hicho kwa sauti ya kwanza tu. Kisha kizime, uwaombe watu wanyamaze kidogo, uzitafute zilizobaki kwa sikio.