Kijarida cha Likizo Kilichotolewa Kopi Ofisini kwa Mbunge

Julai 1991, Washington, mji mkuu wa Marekani. Joto la kule mwezi huo ni lile la unyevunyevu, shati linashika mgongoni, mtu wa Dar angejisikia yuko nyumbani. Wanafunzi wawili wa chuo, wote wasichana, wako likizo ndefu. Mmoja wao kapata field kwenye ofisi ya mbunge pale Capitol Hill. Kazi zenyewe ni zile zile anazopewa mwanafunzi wa field popote duniani: pokea simu, panga mafaili, toa kopi. Ila kulikuwa na kopi nyingine zinatoka kwenye ile mashine ambazo hazikuwa za mbunge.

Zilikuwa kopi za kijarida kinaitwa Riot Grrrl. Karatasi moja tu, pande zote mbili, inakunjwa inaingia mfukoni. Hakuna mhariri, hakuna tangazo, hakuna kampuni nyuma yake. Jioni wanabeba kopi zao wanaenda kwenye shoo za muziki wa punk, wanawapa wasichana waliosimama nyuma kabisa ya ukumbi. Na hapo nyuma ndipo wasichana wengi walipokuwa, kwa sababu mbele ya jukwaa wanaume walikuwa wanacheza kwa kurushana na kupigana vikumbo, ukiingia na mwili mdogo unatoka na jino pungufu.

Kabla ya kuendelea, tuwekane sawa kuhusu jina. Kitu kama hiki wenyewe wanakiita zine. Linatamkwa "ziin", na tafadhali ishia hapo hapo, usiongeze i ya mwisho ukaharibu maana mbele za watu. Limetokana na fanzine, neno lililoanza kutumika mwaka 1940 kwa vijarida vya mashabiki wa hadithi za kubuni za sayansi. Baadaye wapenzi wa punk wakalichukua. Julai 1976, London, kijana wa miaka 19 aliyekuwa karani wa benki alianzisha Sniffin' Glue kwa taipureta ya mtoto na kalamu za rangi, na vijana wengi Uingereza wakaona kumbe inawezekana. Kwa hiyo wale wawili wa Washington hawakubuni zine. Walichofanya ni kuipa kazi nyingine.

Walikuwa wanasoma Chuo Kikuu cha Oregon, mji wa Eugene, upande wa pili kabisa wa nchi. Huko walikutana bwenini, vyumba jirani, wakaanza kutoa zine yao ya kwanza inaitwa Girl Germs. Mwisho wa wiki walikuwa wanapanda kwenda Olympia, mji mdogo wa jimbo la Washington (hili ni jimbo, sio ule mji mkuu, watu huchanganya sana). Olympia kuna chuo cha Evergreen ambacho mpaka leo hakitoi alama za A, B, C. Mwalimu anakuandikia maelezo ya ulivyofanya. Chuo cha namna hiyo unajua kitavuta watu gani. Ndiko walikotoka wenzao wa bendi ya Bikini Kill, na mmoja wa hao alikuwa na zine yake, Jigsaw, tangu 1988. Huyo ndiye anayetajwa kuwa alianza kuliandika neno la Kiingereza la msichana kwa r tatu, grrrl, lisikike kama mbwa anayenguruma kabla ya kung'ata.

Sasa wale wawili wa Eugene walikuwa wanatamba kila mahali kwamba wana bendi, inaitwa Bratmobile. Bendi yenyewe haikuwepo, ilikuwa maneno tu. Mtu mmoja wa Olympia akawapigia simu: njooni mpige shoo Februari 14. Ikabidi watunge nyimbo haraka haraka wakapande jukwaani kweli. Uongo ukageuka kazi.

Neno riot, yaani ghasia, lilikuja na mji wenyewe. Mei 5, 1991, mtaa wa Mount Pleasant pale Washington, askari alimpiga risasi mhamiaji kutoka El Salvador, na mtaa ukawaka moto siku kadhaa. Rafiki yao aliyekuwa anaishi pale akaandika barua kwamba kiangazi kile kinahitaji ghasia nyingine, za wasichana. Mmoja wa wale wanafunzi alikulia Washington, kwa hiyo likizo ilipofika wakaenda huko, Bikini Kill nao wakaja, na ile barua ikawa jina la kijarida.

Namna ya kutengeneza hivi vitu inabidi ielezwe taratibu, maana kizazi cha kugusa kioo kinaweza kudhani ilikuwa kazi ndogo.

Unaanza na orijino. Unachapa maneno kwa taipureta au unaandika kwa mkono, unakata kwa mkasi, unabandika kwa gundi kwenye karatasi nyeupe. Picha unakata kwenye magazeti ya zamani, matangazo ya sabuni, vitabu vya mapishi vya miaka ya 50, mama wa nyumbani anatabasamu na keki, pembeni unabandika sentensi yako ya hasira. Tatizo la kwanza: kila ukingo wa kipande ulichobandika unatoa kivuli kwenye kopi, mstari mweusi ambao hukuuchora. Dawa yake ni kupaka wino mweupe wa kufutia pembeni, au kuipunguza mashine giza. Wengi waliacha mistari ibaki, na ndiyo ile sura ambayo leo watu wanaitafuta kwa filta kwenye simu. Tatizo la pili: sehemu kubwa nyeusi zinakunywa wino wa unga wa mashine, kopi ya 60 inaanza kutoka na mabaka. La tatu: stepla ya kawaida haifiki katikati ya karatasi iliyokunjwa. Unaifungua, unapiga pini juu ya kipande cha boksi, unageuza, unazikunja pini kwa kidole au kijiko. Fanya hivyo mara 100 uone vidole vinavyokuwa.

Hesabu za kurasa nazo zina ujanja. Karatasi moja ukiikunja mara mbili inakupa kurasa 8 ndogo, ila ukiibandika bila kufikiri, ukurasa wa 3 unatoka kichwa chini. Hakuna programu ya kukupangia. Unatengeneza kwanza kadogo ka mfano, unaandika namba, unakunjua, ndipo unajua kipi kinakaa wapi.

Halafu hela. Hapa ndipo ilipolala siri ya mambo yote. Mashine ya kutoa kopi ilikuwa ya maofisini tangu Xerox walipoleta modeli yao ya 914 mwaka 1959, na kufika miaka ya 80 maduka ya kopi yalikuwa yamejaa karibu na vyuo, kama steshenari zetu za nje ya geti, mengine wazi usiku kucha. Kwa kijana asiye na kitu, kopi 200 bado ilikuwa hela. Kwa hiyo kila mwenye zine alikuwa na mchongo wake: mama anayefanya kazi ofisini, rafiki wa zamu ya usiku dukani anayehesabu 20 badala ya 200, au mbunge asiyeuliza. Wizi? Ndiyo, wizi mdogo mdogo. Bila huo wizi, nusu ya hivi vijarida visingekuwepo, na hakuna sababu ya kulizunguka hilo.

Posta nayo walikuwa na namna yao. Stempu ya barua ya kawaida Marekani mwaka 1991 ilikuwa senti 29. Msomaji anatuma dola moja aliyoificha ndani ya karatasi mbili ili isionekane kwenye mwanga, na stempu juu yake. Na kulikuwa na ujanja wa kale wa watu wa punk: paka stempu gundi nyembamba juu yake, muhuri wa posta unakaa kwenye gundi, anayepokea anaosha, anaitumia tena. Stempu moja ilikuwa inaenda na kurudi mpaka inachoka.

Ndani kulikuwa na nini? Muziki kidogo, vichekesho, orodha za zine nyingine na anuani zake. Lakini kadiri miezi ilivyokwenda yakaanza kuingia mambo mazito. Msichana anaandika alichofanyiwa na ndugu wa nyumbani kwao. Mwingine anaandika anavyojitapisha baada ya kila mlo. Mwingine kabakwa na mtu ambaye shule nzima inampenda. Wengi waliweka jina la kwanza tu, au jina la kujibandika, na anuani ya sanduku la posta. Siku hizi mtu anaweza kuona ni kawaida, kuna watu wanasimulia zaidi ya hayo mubashara. Wakati ule, kwa binti wa miaka 15 wa mji mdogo, ile bahasha inaweza kuwa ndiyo mara ya kwanza anajua kwamba kuna mwingine duniani lilimpata. Anajibu barua. Baada ya miezi mitatu naye ana mkasi na gundi mezani.

Mwezi huo huo wa Julai 1991 walianza kukutana kila wiki kwenye nyumba ya kikundi cha Positive Force, Arlington, ng'ambo ya mto Potomac. Wasichana peke yao. Agosti 20 Olympia kukawa na usiku wa ufunguzi wa tamasha la muziki wa kujitegemea, jukwaa zima la wasichana, na bendi ya Heavens to Betsy ikapiga shoo yake ya kwanza kabisa. Mwaka huo huo zine ya Bikini Kill, toleo la pili, ikachapa tamko lao. Kufika kiangazi cha 1992, kuanzia Julai 31 mpaka Agosti 2, walifanya mkutano mkubwa Washington, na wageni wakatoka majimbo mbalimbali.

Ndipo magazeti yakafika.

USA Today waliandika Agosti hiyo hiyo. Newsweek, Novemba. Kuandikwa peke yake sio kosa. Tatizo ni kwamba magazeti makubwa hayajui kuandika kundi lisilo na kiongozi. Yanataka sura moja. Yakamchagua Kathleen Hanna, mwimbaji wa Bikini Kill, yakamfanya mwenyekiti wa kitu kisichokuwa na kiti. Na badala ya kuandika walichokuwa wanasema, yakaandika walivyovaa: magauni, viatu, maneno waliyojichora mwilini kwa kalamu ya wino mzito. Mambo waliyoandikiana kwa ajili ya wasomaji 50 yakawa burudani ya kifungua kinywa.

Mwishoni mwa 1992 wengi wakakubaliana: hakuna kuongea na waandishi. Ukimya huo uliwalinda na pia uliwaumiza. Msichana mmoja wa sekondari kutoka Minneapolis aliyekuwa ameongea na Newsweek alibebeshwa lawama na wenzake kama msaliti. Baadaye alikuja kuwa mhakiki wa muziki anayeheshimika. Na magazeti hayakunyamaza kwa sababu wao wamenyamaza. Yaliendelea kuandika, ila sasa bila kumuuliza mhusika hata mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo wapenzi wa hii stori hupenda kulipita haraka. Wengi wao walikuwa wazungu, watoto wa familia zenye uwezo wa kati, walio chuoni. Msichana mweusi wa New Jersey, mcheza skeitibodi aliyekuwa na zine inaitwa Gunk, alienda kwenye mambo yao, akaangalia kushoto na kulia, akarudi kuandika waziwazi alichokosa kuona: watu kama yeye. Mwaka 1997 ikatoka Evolution of a Race Riot, mkusanyo mzima wa waandishi wasio wazungu waliokuwa na la kusema kuhusu punk na ubaguzi. Zine zikawasema zine. Kwenye hizo kurasa kuna uandishi mkali kuliko tamko lolote la mwaka 1991, na bahati mbaya ndizo zinazotajwa mara chache.

Leo karatasi zenyewe zimezeeka. Chuo Kikuu cha New York, kwenye maktaba yake ya Fales, kina mkusanyo maalumu wa Riot Grrrl. Chuo cha Barnard, mji huo huo, kina maktaba ya zine tangu miaka ya mwanzo ya 2000. Gundi imekauka, vipande vinabanduka, na orijino inashikwa kwa adabu kama hati ya kiwanja.

Ugomvi wa sasa ni intaneti. Watu wanataka vyote vipigwe skani na kuwekwa hadharani, kila mtu asome bure. Wakutubi wa zine wanasita, wamejiandikia hata mwongozo wa maadili unaosema muulize kwanza mwandishi. Aliyeandika siri yake akiwa na miaka 16 kwa ajili ya watu 50 hakukubali isomwe na bosi wake wa leo, wala na watoto wake. Wapo walioomba majina yao yaondolewe. Wengine haiwezekani kuwauliza kabisa, kwa sababu ukurasani kuna jina la kwanza peke yake, moyo uliochorwa kwa kalamu, na sanduku la posta lililofungwa miaka 30 iliyopita.