Tamthilia Zilizoshuka Jukwaani

Watawala wengi wameogopa tamthilia, ila wachache wameogopa maneno yake hasa. Kilichowatia hofu ni umati. Mwaka 1642 Bunge la Uingereza lilifunga kumbi za maigizo za London, zikakaa kimya miaka 18.

Brussels walichelewa kushtuka. Tarehe 25 Agosti 1830, Ubelgiji ikiwa chini ya Mfalme William wa Uholanzi, ukumbi wa La Monnaie ulionyesha opera ya Auber, La Muette de Portici, inayosimulia uasi wa watu wa Napoli dhidi ya Wahispania. Waimbaji wawili walipofika kwenye wimbo wa kuipenda nchi, ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Watu wakamwagika mitaani, wakavamia nyumba za wakubwa wa serikali. Hasira ilikuwapo siku nyingi. Opera iliipa tu mahali pa kukutania. Oktoba Ubelgiji ikatangaza uhuru.

New York mwaka 1849 ilikuwa zamu ya Macbeth. Walalahoi walimshangilia mwigizaji Forrest, Mmarekani mwenzao. Matajiri walimtaka Macready kutoka Uingereza. Tarehe 10 Mei mawe yalirushwa nje ya ukumbi wa Astor Place, askari wakafyatua risasi, na watu zaidi ya 20 wakafa.

Kisa kinachonigusa zaidi, hata hivyo, ni cha Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya. Mwaka 1977 wakulima na vibarua walijijengea jukwaa lisilo na paa. Wakaigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na hawakuwa waigizaji tu: Kikuyu kilipopinda kwenye mswada, wazee walikinyoosha. Mazoezi yalifanyika hadharani, kila mpita njia na maoni yake. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 2 Oktoba. Kufikia katikati ya Novemba leseni ilikuwa imefutwa. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa.

Mwaka huohuo riwaya yake ya Kiingereza, Petals of Blood, kali vilevile kwa wakubwa, ilitoka bila kupigwa marufuku. Kitabu kile kilisomwa na mtu mmoja mmoja, chumbani kwake. Jukwaa la Kamiriithu lilikusanya kijiji kizima, na mwaka 1982 polisi walilibomoa.