Tangi la samaki katika baridi ya Mlima Kenya

TANGI la samaki wa mapambo mjini Nyeri au Nanyuki halitunzwi kama la Mombasa. Miji hii iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku maji hupoa upesi. Samaki wa dhahabu, ambao asili yao ni China, huistahimili baridi hiyo bila kifaa cha kupasha maji joto, gapi hudhoofika.

Maji ya mfereji yenye klorini huunguza mashavu ya samaki. Yaachwe wazi kwa saa 24 kabla ya kutumiwa.

Adui mkubwa zaidi haonekani: ni amonia itokayo katika kinyesi na mabaki ya chakula. Bakteria wanaoipunguzia sumu huchukua majuma manne hadi sita kustawi, na zaidi penye baridi. Kwa hivyo, mfugaji aanze na samaki wachache, awalishe kidogo na kubadilisha robo ya maji kila juma.

Samaki asiyetakikana asitupwe katika mto Chania. Trauti walioletwa na Ewart Grogan mwaka wa 1905 wangali katika mito ya Aberdare hadi leo.