Lithiamu hufika wapi kwenye ubongo?

Lithiamu ni dawa ya ugonjwa wa baipola, yaani hali ya mtu kupanda mno kihisia kisha kuzama katika huzuni nzito. John Cade, daktari wa Australia, aliandika kuhusu faida yake mwaka 1949. Hadi leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kwa nini damu haielezi yote?

Hospitali hupima lithiamu kwenye damu, takribani saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Kwa wagonjwa wengi lengo ni milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita. Lakini dawa hufanya kazi kwenye ubongo, na watu wawili wenye kiwango sawa cha damu wanaweza kuwa na viwango tofauti ubongoni.

MRI husaidiaje?

MRI ya kawaida husikiliza mawimbi ya haidrojeni iliyo kwenye maji ya mwili. Lithiamu nayo hutoa mawimbi yake, ila kwa masafa tofauti na kwa udhaifu mkubwa, kwa kuwa ni kidogo sana ikilinganishwa na maji. Kwa hiyo huhitajika kifaa maalumu cha kuvalishwa kichwani. Mwaka 2018 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walichapisha picha zilizoonyesha kwamba lithiamu haisambai sawasawa: sehemu nyingine za ubongo huwa nayo nyingi kuliko nyingine. Hili linaweza kusaidia kueleza kwa nini dawa humfaa huyu na isimfae yule.

Je, nahitaji kipimo hiki?

Hapana. Bado ni cha utafiti. Kinachokulinda wewe uliye Ruhembe ni kipimo cha damu, pamoja na kupimwa figo na tezi ya shingo. Uliza kituo chako cha afya vipimo hivyo hufanyika wapi.

Jihadhari

Lithiamu hutoka mwilini kupitia figo. Ukikata miwa juani, ukitoka jasho jingi bila kunywa maji, au ukiharisha na kutapika, hubaki mwilini na kupanda.

- Kunywa maji ya kutosha kila siku.
- Usipunguze chumvi ghafla.
- Usinunue diklofenaki au ibuprofeni dukani bila kumwambia mhudumu kuwa unatumia lithiamu. Kwa maumivu, uliza kuhusu parasetamoli.
- Ukiwa mjamzito au ukipanga kushika mimba, zungumza na daktari mapema.
- Usiache dawa ghafla. Ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu.

Nenda hospitali mara moja ukiona:

- mikono kutetemeka sana
- kuyumba unapotembea
- ulimi kuwa mzito
- kutapika au kuharisha kusikokoma
- kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida

Usimeze dozi inayofuata kabla ya kuonwa. Beba dawa zako, na mwambie ndugu mmoja dalili hizi, kwani mgonjwa mwenyewe anaweza asizitambue.